Vizibo vya Mama Pindo

Moshi wenyewe haukuwa mwingi. Ulitoka kwenye swichi ya ukumbini, mwembamba kama uzi wa kushonea, ukapanda ukutani na kuacha alama nyeusi yenye umbo la kijiko. Mama Pindo alikuwa akipiga pasi koti la mteja. Alichomoa pasi, akaenda mbio kushusha meni swichi, kisha akakaa kwenye kiti cha cherehani na kuutazama ukuta mpaka aliporidhika kwamba umemaliza.

Kosa alilofanya baada ya hapo ni kumwambia mwanawe. Hakukusudia. Mwanawe alipiga simu Jumapili, kama kawaida yake, na kama kawaida yao walimaliza habari za afya na za mvua kwa dakika mbili, pakabaki kimya ambacho mmoja wao alipaswa kukijaza. Mama Pindo akakijaza kwa moshi.

"Mama, hii si mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza ilikuwa taa tu."

"Mama." Mwanawe alilitamka neno hilo kama karani anayegonga muhuri. "Mwite fundi umeme anayeijua kazi, sio wa kuungaunga. Akague nyumba nzima, aandike kwenye karatasi. Akiandika inafaa, sawa. Akiandika haifai, unafunga mlango unakuja kukaa kwetu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," akasema Mama Pindo, kwa sababu simu ilikuwa imefika dakika ya saba, na kwao wawili dakika saba zilikuwa safari ndefu.

Kwa mwanawe palikuwa mbali, siku nzima ndani ya basi. Alishawahi kukaa huko wiki mbili. Walimpokea vizuri, hana la kusema. Kila mtu alimuuliza kama amekula, kama amelala, kama feni inamsumbua. Hakuna aliyemuuliza kitu ambacho yeye alikijua. Alikaa pembeni mwa sofa siku kumi na nne, mikono mapajani, mpaka siku moja mjukuu akapita na kaptula iliyofumuka pindo, akataka kumwita, na mkwewe akasema kwa upole, "Acha tu Mama, usijichoshe, tutanunua nyingine."

Hapa alikuwa na cherehani dirishani, meza ya kukatia, kioo kirefu, na wateja. Jina la Mama Pindo alipewa na wao. Walisema hakuna mtu mtaani anayepinda nguo ikalala kama yeye. Mshono wake ungeweza kuupima kwa rula kutoka mguu mmoja hadi mwingine usipate kosa. Mume wake alikuwa ameshatangulia mwaka wa kumi na moja sasa. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne, naye aliishi katika kimoja na nusu.

Fundi umeme alifika Jumanne asubuhi. Mama Pindo alifungua mlango akamkuta msichana mwenye kofia ya plastiki na mkoba wa zana begani. Akachungulia nyuma yake.

"Fundi yuko nyuma?"

"Nyuma kuna kivuli changu tu, mama. Fundi ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Karibu ndani."

"Usijali. Jana kuna mzee kanipa kiti, akasema tumsubiri fundi wote wawili. Tukasubiri."

Alikuwa mtu wa maneno machache akiwa chini, lakini alipoingia darini kupitia tundu la ukumbini na tochi yake kichwani, akawa msemaji. Mama Pindo alisimama chini ya dari akizifuata nyayo zake kwa macho, kutoka ukumbini hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chumba cha nyuma. Ilikuwa miaka mingi tangu asikie mtu akitembea katika nyumba hii kwa namna hiyo, huku yeye mwenyewe amesimama tu.

"Mama, hawa panya wako wamesoma?" sauti ikauliza kutoka juu.

"Kwa nini?"

"Wamejenga. Kuna sebule, kuna vyumba, nadhani kuna hadi choo cha nje."

"Na nyaya?"

"Nyaya nitakuambia nikishuka."

Aliposhuka alikuwa na mfuko uliojaa vitambaa. Akaumwaga kwenye meza ya kukatia baada ya kuomba ruhusa na kutandaza gazeti. Kisha akatoa kitu kimoja mfukoni mwake, akakiweka peke yake. Kilikuwa mviringo wa kitambaa, ukubwa wa ngumi ya mtoto, kimejazwa vizuri, kimeshonwa pande zote, na ukingo wake umepindwa kwa mshono ulionyooka. Nusu yake ilikuwa imeliwa.

"Hiki nimekikuta kwenye tundu pale bomba la maji linapoingilia. Viko kama kumi na saba. Kila tundu la nyumba hii lina kimoja. Ni nini?"

Mama Pindo aliona haya. Akakiokota kile kizibo, akakigeuza upande usioliwa.

"Nilisikia panya. Mwaka jana, au mwaka juzi. Nikazunguka nyumba yote, nikaziba kila tundu."

"Kwa vitambaa?"

"Ndivyo nilivyo navyo. Vipande vya nguo ninazokata haviishi."

"Sawa. Na ukavipinda."

"Vingefumuka."

Fundi umeme aliuma mdomo. Akakiminya kizibo kwa kidole gumba, akakinusa. "Mbona kigumu hivi? Kama kola ya shati."

"Nilivitia wanga. Ili visimame, visisukumwe."

"Wanga wa nini?"

"Wa mahindi. Ule ninaotilia kola."

Msichana alikiangalia kizibo, akamwangalia mama, akakiangalia tena. "Mama," akasema taratibu, "umewapa godoro na chakula cha jioni." Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia, akakifunika kwa kofia yake. Mama Pindo hakucheka mara moja. Alikiona kwanza kile kitu alichokifanya, mchana mmoja baada ya mwingine, kwa miwani puani na uzi mzuri, akiketi hapa kuwashonea panya vyakula vyenye pindo. Ndipo naye akacheka, kicheko kidogo kilichokwama kifuani kwa sababu ya kutotumika.

Fundi umeme alitoka kwenda kukagua nje. Mama Pindo akabaki na vitambaa. Panya walikuwa wamevichana nyuzi nyuzi, lakini macho yake hayakuhitaji kipande kikubwa. Ile ya kijani ilikuwa suti ya mwalimu mkuu aliyehamishwa. Hariri ile, bitana ya gauni la bibi harusi aliyekuja kupimwa mara nne kwa sababu alikuwa anakonda kila wiki kwa wasiwasi. Kitambaa cha buluu cha sare, nguo aliyomshonea mwanawe alipoingia darasa la saba, akaacha nafasi ya kuongeza urefu, na urefu ukaongezwa mara tatu. Na mistari ile ya kahawia ilikuwa shati la mume wake, alilolikata mwenyewe baada ya mwaka mmoja wa kufiwa, kwa kuona kwamba halina mtu wa kulivaa. Vyote viliishi pamoja juu ya kichwa chake, vimekusanywa chumba kimoja, huku yeye chini akila peke yake. Alivirudisha mfukoni kimoja kimoja, akafunga mdomo wa mfuko kwa kamba.

Fundi umeme aliporudi aliketi, akatoa kitabu cha fomu na kalamu. Mama Pindo alimwekea maji ya kunywa, na akabaki amesimama.

"Keti, mama."

"Niambie tu."

"Nyaya tatu zimeliwa ganda mpaka shaba inaonekana. Moja iko juu ya chumba cha nyuma, inagusa mbao. Ile ya swichi ilikuwa inaungua polepole. Umebahatika sana."

"Mwanangu, nakuomba," Mama Pindo akasema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Andika inafaa. Tengeneza unachotengeneza, lakini kwenye hiyo karatasi andika inafaa. Ukiandika haifai, nahama."

"Unahamia wapi?"

"Kwa mwanangu."

"Ni kubaya?"

"Si kubaya. Ni kwake."

Msichana alizungusha kalamu vidoleni. Uso wake ulikuwa wa mtu anayependa kusema ndiyo. "Siwezi kuandika nisichokiona, mama. Nikiandika, halafu usiku mmoja ule ubao ushike moto, mimi nitalala wapi na nafsi yangu? Ila sikiliza. Sijasema haifai. Nasema haifai *leo*. Nipe leo na kesho."

Akamweleza, akihesabu kwa vidole bila kufuata mpangilio. Nyaya zote tatu atazitoa na kuweka mpya, tena ndani ya bomba gumu, sio lile laini linalokatika kwa kisu. Kila tundu litazibwa kwa wavu wa chuma na saruji, na penye mwanya mwembamba atashindilia nyuzi za chuma, zile za kusugulia sufuria, kwa sababu panya akizitafuna zinamchoma ufizi. Tawi la mti linalogusa bati likatwe, maana ndilo daraja lao. Unga na mchele vikae kwenye ndoo zenye vifuniko. Vitambaa visikae sakafuni.

"Na sumu?"

"Sumu acha. Atakufia ndani ya ukuta, utahama kwa harufu kabla hujahama kwa moto. Tumia mtego, uuone mzoga wako, uutoe." Akanywa maji. "Unajua yeye hali waya kwa njaa. Meno yake hayaachi kuota, lazima ayapunguze. Kwa hiyo hata ukimfukuza leo, mwingine atakuja kunoa. Ndiyo maana siwezi kuandika inafaa mpaka nijue kuna mtu atakayepanda humo kila mwezi. Dakika tano tu. Anaangalia kinyesi kipya, anaangalia mabomba, anashuka. Nani atapanda?"

"Mimi."

"Na goti hilo?"

Mama Pindo hakujua kwamba goti lake lilikuwa limeonekana. "Nikienda polepole napanda."

"Sawa, panda polepole. Nani atashika ngazi?"

"Nitaiegemeza."

"Hapana, mama. Ukianguka humu ukumbini, ni nani atakuokota?"

Swali liliulizwa kwa wema, nalo likakaa katikati ya chumba. Mama Pindo alilitafutia jibu. Hata la uongo lingetosha.

"Yupo," akasema. "Jirani."

"Vizuri. Kesho saa kumi nikimaliza kazi, awepo. Nitawaonesha wote wawili cha kuangalia, naandika majina yenu, nasaini."

Jioni ile, kabla jua halijazama, Mama Pindo alifungua daftari lake la vipimo. Alikuwa na watu zaidi ya mia mbili humo. Mwenye duka la rangi, kifua arobaini na mbili, bega moja limeshuka. Muuguzi, kiuno kinachobadilika. Dereva wa lori, mikono mirefu. Aliwajua kwa namna ambayo wake zao hawakuwajua, alijua nani ana haya kuvua viatu na nani hushika pumzi tumbo lake likipimwa. Alipitisha kidole kurasa zote. Hakumwona ambaye angeweza kumwambia, njoo unishikie ngazi. Wote walikuja na kitambaa, wakaondoka na nguo.

Likabaki lile neno lililomtoka. Jirani. Upande wa kulia kulikuwa na ghala. Upande wa kushoto, nyuma ya ukuta unaofika kifuani, aliishi fundi saa mmoja mstaafu. Miaka tisa. Walisalimiana asubuhi kila mmoja akifagia uwanja wake, "Umeamkaje," "Salama," "Tunashukuru," na mafagio yakaendelea. Hawakuwa wamegombana. Hawakuwa wamefanya chochote.

Alijitanda khanga, akaivua, akavaa sweta, akaenda. Alibisha hodi mara mbili kwa kidole kimoja.

Fundi saa alifungua mlango na kile kioo kidogo cha kutazamia bado kiko jichoni. Alipomwona, akakitoa haraka kama mtu aliyekutwa na kijiko mdomoni.

"Kuna msiba?"

"Hapana, kaka. Salama."

"Ah. Karibu. Nilidhani kuna msiba."

Mama Pindo alibaki kizingitini. Maneno aliyoyapanga njiani, hatua kumi na tano, yalikuwa yamepotea yote. "Nina panya," akasema.

"Hata mimi. Nilidhani ni wako."

"Inawezekana ni wangu. Nimekuwa nikiwalisha."

Fundi saa alimwangalia. Ikambidi amweleze, na kwa kuwa hakujua kufupisha, alieleza yote: swichi, mwanawe, karatasi, vizibo, wanga, pindo. Fundi saa alisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja, kama anayesikiliza saa. Aliposikia habari ya pindo alisema, "Mshono gani?" naye akajibu, "Wa mkono, wa kufichwa," na fundi saa akatikisa kichwa kwa heshima.

"Sasa wataka nipande?"

"Kama hutajali."

"Najali sana," akasema. "Mimi, dada yangu, nikipanda kwenye kiti kubadilisha taa magoti yanagongana. Ndiyo maana nilichagua kazi ya mezani. Kupanda siwezi. Usinione mbaya."

Mama Pindo alihisi uso ukipata joto. Alishaanza kugeuka, anasema hapana neno, amesumbua tu, asubuhi njema, ingawa ilikuwa jioni.

"Lakini kushika," fundi saa akasema nyuma yake, "nashika. Mikono yangu haitetemeki. Ni miguu tu."

Kesho yake saa kumi walikuwa watatu ukumbini. Fundi umeme alikuwa na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Ngazi ilikuwa ile ya mbao ya Mama Pindo mwenyewe, yenye mguu mmoja mfupi, na fundi saa aliishika kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

"Mzee, wewe uko chini," fundi umeme akamwambia.

"Najua. Nayafumba kwa ajili yake."

Fundi umeme akatangulia darini, kisha Mama Pindo akapanda. Goti la kulia kwanza, la kushoto likafuata likilalamika. Vidato sita. Alipotoa kichwa kwenye tundu, tochi ya fundi umeme ikapita mbele yake, akaiona nyumba yake kwa upande ambao hajawahi kuuona. Mabomba meupe yalinyooka juu ya mbao, yakapinda kona kwa usawa, yakashuka kila moja penye chumba chake. Hakuna kilicholegea. Ilikuwa kazi safi, naye akaitambua kama anavyoutambua mshono wa mtu mwingine.

"Umenyoosha," akasema.

"Nimejitahidi. Sasa angalia pale, pale, na pale. Ukiona vitu vyeusi kama punje za mchele, vinang'aa, ni vipya, niite. Vikiwa vimekauka kijivu, ni vya zamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Mzee umeelewa?"

"Mimi naelewa kushika," likasema jibu kutoka chini.

Fomu ikaandikwa. *Inafaa, kwa sharti la ukaguzi wa kila mwezi. Wakaguzi: wawili.* Fundi umeme alichana nakala, akampa, akaomba maji ya kunawa, akaaga. Fundi saa naye akaaga. Walitoka pamoja wakizungumza habari ya saa ya msichana iliyokuwa ikichelewa, sauti zao zikaishia getini.

Saa kumi na moja na nusu Mama Pindo alimpigia mwanawe. Alikuwa amejiandaa. Karatasi ilikuwa mkononi, na nyuma yake hoja zilizopangwa safu: kwamba mabomba ni magumu, kwamba tawi limekatwa, kwamba yupo mtu wa kushika ngazi, kwamba wateja wa shule wanakuja mwezi ujao, kwamba asingekuwa mzigo huko lakini hapa ana kazi. Alijua mwanawe atabisha. Alikuwa amejifunza la kumjibu kwa kila atakalosema.

"Fundi ameandika inafaa," akaanza. "Kwa sharti..."

"Kweli? Basi vizuri, Mama. Kama fundi kasema inafaa, inafaa."

"Kuna sharti la kila mwezi."

"Sawa sawa. Ni jambo dogo hilo."

Nyuma ya sauti yake mkwewe aliuliza kitu, na mwanawe, akiwa ameiweka simu mbali kidogo lakini si mbali kiasi cha kutosha, akajibu, "Anabaki huko huko." Kiti kikasogezwa na mtu akafungulia maji.

"Maana tulishaanza kuwaza watoto tuwapange vipi," mwanawe akasema, sauti imelegea, nyepesi, sauti ambayo Mama Pindo hakuwa ameisikia kwa miezi. "Basi watabaki na chumba chao. Wewe unaendeleaje lakini? Afya?"

"Salama. Nashukuru."

"Mvua?"

"Bado."

"Haya Mama. Jumapili basi."

Dakika mbili na sekunde kadhaa. Mama Pindo aliiweka simu juu ya karatasi. Alikuwa amepata alichokitaka, chote, bila kupunguziwa hata kidogo. Zile hoja zilibaki zimepangwa kichwani, hakuna aliyezihitaji, na hakujua aziweke wapi.

Alitoka uani kwa kuwa ndani hapakuwa na la kufanya. Ng'ambo ya ukuta fundi saa alikuwa akikusanya majani ya lile tawi lililoanguka upande wake.

"Umemwambia?" akauliza.

"Nimemwambia. Nabaki."

"Alibisha?"

Mama Pindo aliuangalia ukuta. "Hakubisha."

Fundi saa aliacha kuokota. Majani yaliyokuwa mikononi akayatia kwenye ndoo polepole, bila kumwangalia, na Mama Pindo akamshukuru moyoni kwa kutomwangalia.

"Ngazi yetu ni lini tena?" akauliza.

"Tarehe kama ya leo. Mwezi ujao."

"Mwezi huu una siku thelathini na moja," fundi saa akasema, kama mtu anayemweleza mteja lini saa yake itakuwa tayari. Akabeba ndoo, akaingia ndani.

Mama Pindo alisimama pale mpaka mlango wa ng'ambo ulipofungwa. Thelathini na moja, akajisemea. Akarudi ndani, akafungua kalenda ya ukutani, na kwa kidole kile kile alichokipitisha kwenye daftari la vipimo akazihesabu siku moja moja, kuona kama kweli ni nyingi hivyo.